Mwaliko unapogeuka ankara: Adabu ya orodha ya zawadi za nyumba mpya

MWALIKO umefika kwa barua pepe. Rafiki wa kazini amenunua nyumba, na Jumamosi alasiri anawakaribisha wenzake waje waione, wale, wanywe na kumpongeza. Ipo picha ya mlango mpya uliopambwa kwa maua. Chini kabisa, baada ya saa na anwani, pana mstari mmoja zaidi: anayependa kuleta zawadi abofye hapa. Anayebofya hukuta duka, na ndani ya duka hukuta orodha ya vitu 40 alivyovichagua mwenye nyumba mwenyewe, kuanzia mwiko wa mbao hadi mashine ya kahawa, kila kimoja na bei yake.

Kwa Mmarekani, orodha ya namna hiyo si kitu cha ajabu. Lakini kwa Mtanzania au Mkenya aliyehamia Minneapolis au Houston kwa kazi au masomo, na ambaye anaalikwa kwa mara ya kwanza, mstari ule wa mwisho waweza kumkosesha usingizi. Je, ni lazima anunue? Akinunua mwiko, hataonekana bahili? Akienda na kitenge alichotoka nacho nyumbani, ambacho hakimo katika orodha, atakuwa amekosa adabu? Mwenye kipato kidogo huweza kuamua kwamba ni nafuu asiende kabisa, na urafiki uliokuwa umeanza kuchipua ukaishia hapo, bila mwenye nyumba kujua kamwe kwamba ni orodha yake iliyomfukuza mgeni.

Maswali hayo yana majibu, na ili kuyaelewa ni vema kuanza na mahali orodha yenyewe ilikozaliwa, yaani dukani.

Duka la Marshall Field la mjini Chicago ndilo linalotajwa kuwa la kwanza kuanzisha daftari la zawadi za maharusi, mwaka 1924. Tatizo lililokusudiwa kutatuliwa lilikuwa dogo lakini la kweli. Familia zenye uwezo wakati ule zilipenda kuanza maisha na seti ya sahani za kauri na vijiko vya fedha vyenye nakshi moja. Shangazi akinunua sahani sita za nakshi hii, na mjomba akanunua sita za nakshi ile, bibi harusi alibaki na sahani kumi na mbili zisizoweza kukaa meza moja. Karani wa duka aliandika nakshi aliyoichagua bibi harusi pamoja na idadi ya vilivyokwisha kununuliwa, na mgeni aliyefika kuuliza alielekezwa.

Maneno ya kuzingatia hapo ni “aliyefika kuuliza”. Daftari lilikaa dukani, halikutumwa kwa mtu. Aliyetaka kujua alikwenda mwenyewe, na asiyetaka alinunua alichokipenda mahali pengine bila kulaumiwa. Kwamba duka nalo lilikuwa likitafuta wateja, na kwamba daftari lile lilikuwa njia nzuri ya kuwavuta jamaa wote wa bibi harusi waje kununua chini ya paa moja, ni jambo lisilohitaji kufichwa.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1993, kampuni ya Target ilipoanza kutumia mashine ambazo mteja aliweza kujihudumia mwenyewe, akaandaa na kuchapisha orodha bila karani. Intaneti ilipoenea, orodha ikatoka dukani kabisa ikaingia nyumbani kwa kila mtu. Kutoka kwenye harusi ikahamia kwenye uzazi, kisha siku za kuzaliwa, kisha nyumba mpya. Karani aliondoka, na pamoja naye ikaondoka ile hatua ya mgeni kuuliza kwanza. Maduka nayo hayadumu milele: Bed Bath & Beyond, mojawapo ya majina yaliyozoeleka sana nchini Marekani kwa orodha za maharusi, lilitangaza kufilisika Aprili 2023 na kufunga maduka yake mwaka huo huo.

Nyumba mpya, hata hivyo, si harusi. Harusi ilikuwa na hoja yake: vijana wawili wanatoka kwa wazazi wao bila chungu wala kitanda, na jamaa wanawakusanyia vyombo ili waanze maisha. Anayenunua nyumba kwa kawaida ameshaishi mahali pengine, ana sufuria zake, ana mapazia yake, na uwezo wa kununua nyumba wenyewe ni ushahidi kwamba si fukara. Ndiyo maana zawadi ya nyumba mpya, katika nchi nyingi, imekuwa siku zote kitu kidogo kinachochaguliwa na mgeni na chenye maana kuliko thamani.

Wajerumani hupeleka mkate na chumvi. Wamarekani wengi wanaijua desturi hiyo kwa namna yake iliyoongezewa divai, kwa sababu imo katika filamu ya mwaka 1946, It's a Wonderful Life, ambayo huonyeshwa kila Krismasi. Nchini Korea Kusini mgeni hubeba sabuni ya kufulia au karatasi za chooni, na hakuna anayecheka, kwa kuwa povu la sabuni hufananishwa na baraka zinazofurika. Wafaransa huitaja sherehe yenyewe kwa jina la kutundika kulabu ya chungu juu ya moto, jambo lililokuwa likifanyika mwisho wa ujenzi kabla ya chakula cha kwanza. Vitu hivyo vingi huliwa au hutumika vikaisha. Mgeni hahitaji kujua rangi ya ukuta wa sebule.

Orodha inapoingia katika desturi ya namna hiyo huleta uzito usiokuwapo. Wataalamu wa adabu nchini Marekani hawakubaliani kuhusu suala hili hata kidogo. Judith Martin, ambaye tangu mwaka 1978 amekuwa akiandika safu ya magazetini kwa jina la Miss Manners, ni miongoni mwa wakali zaidi: kwake yeye, mwenyeji hana haki ya kupanga mgeni atoe nini, awe ni bwana harusi au mwenye nyumba. Taasisi inayobeba jina la Emily Post, mwandishi wa kitabu maarufu cha adabu kilichotoka mwaka 1922, ni laini zaidi na inakubali kwamba orodha zina faida. Lakini hata taasisi hiyo inashikilia sharti moja kuhusu harusi: habari za orodha zisiandikwe katika kadi ya mwaliko.

Sharti hilo ndilo kiini cha adabu yote ya jambo hili, na ikiwa ni lazima kwa harusi, kwa nyumba mpya ni lazima zaidi. Mwaliko humwambia mtu kwamba kuwapo kwake kunatakiwa. Ukiambatana na bei, maneno hayo hubadilika maana, na msomaji huanza kuhesabu kabla hajafurahi. Kuongeza sentensi ya kusema “zawadi si lazima” hakusaidii sana, kwa maana aliyeandika kwamba si lazima ndiye aliyetumia jioni nzima kuchagua mashine ya kahawa.

Basi orodha ikae wapi? Ikae kwa mwenye nyumba au kwa mtu wake wa karibu, itolewe kwa anayeuliza. Mgeni akipiga simu na kusema, “Nije na nini?”, jibu la kwanza la heshima ni kwamba aje yeye mwenyewe. Akirudia swali, na watu wengi hurudia kwa sababu wanataka kweli kusaidia, hapo ndipo dada au rafiki wa mwenye nyumba anapoweza kusema kwamba kuna vitu fulani vimeandikwa mahali fulani. Kwa Waswahili hili halina ugeni. Kukataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili ni sehemu ya mazungumzo ya kawaida mlangoni.

Orodha yenyewe iwe fupi na iwe na vitu vya bei ndogo kwa wingi kuliko vya bei kubwa. Vitu kumi na tano vinatosha nyumba ya kawaida: taulo za jikoni, mche wa kupanda bustanini, balbu, ufagio mzuri, kibao cha kukatia mboga. Kiti cha thamani kikiwekwa, kisiwekwe kwa kumtegemea mtu mmoja, bali kwa kundi linalotaka kuchangiana, kama vile wafanyakazi wa ofisi moja. Vikapu vya fedha taslimu, ambavyo baadhi ya tovuti huviruhusu ili wageni wachangie sofa au ukarabati wa paa, ni hatua inayowaudhi wengi, kwa sababu huondoa hata kile kisingizio cha kwamba mtu ametoa kitu. Aidha, anayenunua nyumba ya pili au ya tatu hana sababu ya kuandika orodha yoyote. Alikwisha kupongezwa.

Lipo jambo jingine lisilosemwa sana. Orodha nyingi za intaneti humwonyesha mwenyewe kilichonunuliwa, na nyingine humtajia hata aliyenunua. Mwenye nyumba mwenye busara haifungui mpaka sherehe ipite. Anayeichungulia kila jioni hujikuta anajua nani ametoa taulo, nani ametoa birika na nani hajatoa kitu, na Jumamosi atawapokea wageni mlangoni akiwa na hesabu kichwani. Hata asiposema neno, uso husema.

Mgeni naye ana haki zake, na ni nyingi kuliko anavyodhani. Hajibanwi na orodha. Anaweza kuleta kitenge chake, chungu cha udongo, au sahani ya vitumbua vya moto, na mwenyeji aliyelelewa vizuri atavipokea kwa furaha ile ile. Akichagua kitu cha orodha, anunue kupitia orodha hiyo hiyo au aweke alama kwamba kimenunuliwa, vinginevyo tatizo la sahani kumi na mbili la mwaka 1924 litarudi. Asiyeweza kuhudhuria sherehe ya nyumba hadaiwi zawadi. Salamu za pongezi zatosha. Na mwiko wa mbao, kwa hakika, si zawadi ya bahili. Umeandikwa katika orodha kwa sababu unatakiwa.

Wapo watakaosema kwamba adabu hizi zote ni unafiki, na kwamba ni afadhali mtu apewe anachokihitaji kuliko kujaziwa kabati vitu visivyo na kazi. Hoja yao ina nguvu. Mwaka 1993, mwanauchumi Joel Waldfogel alichapisha utafiti kuhusu zawadi za Krismasi, akakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani yake hupotea, kwa maana kwamba mpokeaji huiona zawadi kuwa na thamani ndogo kuliko fedha iliyotumika kuinunua. Mwaka 2011, watafiti Francesca Gino na Francis Flynn walionyesha kuwa wapokeaji hufurahia zaidi zawadi walizoziomba wenyewe, ilhali watoaji hudhani kwamba zisizoombwa zitafurahiwa sawa na zilizoombwa, na kwamba kitu walichokibuni wao kitaonekana kimefikiriwa zaidi kuliko kinavyoonekana kweli.

Kwa hiyo orodha ina kazi. Lakini tafiti hizo hupima furaha ya anayepokea kitu, na zawadi haikuwa kitu peke yake. Mwaka 1925, mwaka mmoja tu baada ya daftari la Chicago, msomi wa Kifaransa Marcel Mauss alichapisha andiko lake mashuhuri kuhusu zawadi, akieleza kwamba katika jamii nyingi zawadi ina wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Wajibu huo wa tatu ndio unaokosekana katika orodha ya nyumba mpya. Mtu anayepanga chumba kimoja na asiyetarajia kununua nyumba maishani mwake, je, mashine ya kahawa atakayoitoa itamrudia lini?

Hapo ndipo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anapokuwa na la kusema, kwa sababu kwao hesabu hiyo inafahamika vizuri sana.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuingia nyumba mpya ni jambo la dua kabla ya kuwa jambo la vyombo. Nyumba huzinduliwa: ubani hufukizwa, Kurani au maulidi husomwa, majirani hulishwa. Kwa Wakristo, padri au mchungaji huitwa kubariki vyumba. Hali ya nyumba yenyewe nayo ni tofauti. Mnunuzi wa Minneapolis huingia katika nyumba iliyokamilika akiwa na deni la benki, mara nyingi la miaka 30. Mjenzi wa Goba au Mbagala aghalabu hujenga kwa awamu, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, na huhamia kabla ya dari na vigae ili aepuke kodi ya pango. Hana deni, isipokuwa la fundi. Angeandika orodha ya mahitaji yake kwa ukweli, ingeanza na saruji na kuishia na rangi.

Lakini michango ya sherehe haina haya hata kidogo. Kadi ya mchango wa harusi nchini Tanzania hutaja kiwango, na mara nyingi kiwango cha mtu mmoja ni tofauti na cha watu wawili. Ahadi huandikwa. Anayechelewa hukumbushwa, kwanza kwa upole, kisha kila wiki. Katika kicheni pati, zawadi hutolewa hadharani, na kila mtu huona nani ametunza nini. Hapa sasa ni Mmarekani ambaye angeshangaa, na angeona kwamba ule mstari wake mmoja chini ya mwaliko ulikuwa wa kistaarabu mno.

Ajabu hiyo inapungua mtu akitazama kwa karibu. Mchango wa harusi unavumilika kwa sababu mbili. Kwanza, unarudi: daftari la mweka hazina ni kumbukumbu ya mzunguko mrefu, na aliyechangia leo anajua kwamba binti yake akiolewa, majina yale yale yatapitiwa. Pili, mwenye shughuli haombi kwa kinywa chake. Yupo mwenyekiti, ipo kamati, wapo wajomba na shangazi. Wao ndio wanaodai, wao ndio wanaopunguza kimyakimya kwa mtu aliyefiwa au aliyepoteza kazi, na wao ndio wanaobeba lawama. Bwana harusi na mgeni wake wakikutana barabarani husalimiana tu, fedha haijapita kati ya macho yao.

Ni sharti lile lile la Emily Post limevaa kanzu. Kule Marekani mwombaji ni dada, rafiki, au zamani karani wa duka. Huku ni kamati. Pande zote mbili zilihitaji mtu wa katikati, na intaneti imemwondoa kule kama simu inavyomwondoa huku. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, na urahisi wake umewasaidia mamilioni ya watu. Lakini pale mwaliko wa nyumba mpya unapokuja kwa ujumbe wa simu wenye namba ya kutumia fedha, na namba hiyo ni ya mwenye nyumba mwenyewe, anayepokea hana wa kumweleza shida yake. Hawezi kumwambia mwenyekiti kwamba mwezi huu mambo ni magumu. Atanyamaza, na ukimya wake utaonekana kama dharau.

Wanawake wa vyama vya kusaidiana, mijini na vijijini, walikwisha kupata njia nzuri zaidi bila kusubiri duka lolote. Wanachama hutembelea nyumba ya mmoja wao kwa zamu, wakiwa wamekubaliana mapema kwamba safari hii ni sufuria, na ijayo ni mablanketi. Hiyo nayo ni orodha. Tofauti ni kwamba kila aliyeandika jina lake anajua siku yake imo humo, kiwango kimepangwa kwa kumtazama mwenye uwezo mdogo, na hakuna anayeombwa na rafiki yake peke yake.

Kwa asiye na chama na anayekaribia kuhamia, lipo jambo moja la ratiba ambalo wataalamu na wazoefu wanakubaliana. Sherehe isifanyike wiki ya kwanza. Baada ya mwezi mmoja au miwili, mwenye nyumba atakuwa amegundua mwenyewe kwamba mashine ya kahawa hana pa kuiweka, na kwamba kinachokosekana ni kamba ya kuanikia nguo na taa ya ukumbini. Rafiki akiuliza aje na nini, jibu litakuwa kitu cha bei ndogo anachoweza kukinunua njiani. Na asipouliza, afike mikono mitupu saa ile ile waliyofika wengine, akaribishwe kwa chakula kama wao na kutembezwa vyumbani mpaka uani.